Mwezi Ulioandama Kisarawe

Tulipokuwa tumekaa kwenye mkeka msibani kwa Mzee Mwinshehe, mwanamke mmoja nisiyemfahamu aliniinamia akaniuliza kama mimi ni wa ukoo au jirani. Marehemu hakuwa ndugu yangu, na ujirani wetu ulidumu mwaka mmoja tu, zamani, nilipokuwa na miaka kumi na tisa. Nikamwambia kwamba kwa sehemu kubwa ya mwaka ule mzee huyu alikuwa mwenye nyumba wetu, na kwamba hakuwahi kulala hata siku moja ndani ya nyumba hiyo. Akanitikisia kichwa kwa adabu, kama mtu anavyomtikisia mgonjwa anayeweweseka, akarudi kwenye kisomo chake. Nje wanaume walikuwa wanasogeza mabenchi. Harufu ya pilau iliingia kutoka uani, binzari nyembamba na kitunguu kilichokaangwa mpaka kikawa kahawia, na mimi nikawa nimeondoka pale mkekani bila kunyanyuka.

Mwaka huo nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nasubiri kuitwa chuoni, nikapelekwa Kisarawe kukaa kwa Mama Mkubwa Mwantumu na mumewe, Baba Mkubwa Kondo. Ilikuwa katikati ya miaka ya sabini. Huko mashambani watu walikuwa wanahamishiwa kwenye vijiji vipya, na kila aliyekuwa na nyumba ya kudumu mjini aliishikilia kama mtu anavyoshikilia shuka yake upepo unapovuma. Nyumba ya Mama Mkubwa ilikuwa na vyumba sita, vitatu kila upande wa ukumbi mrefu uliotoka barazani hadi uani. Matofali alifyatua Baba Mkubwa. Lipu ya ndani aliipiga Mama Mkubwa mwenyewe, na katika chumba nilichopewa, ukipitisha kiganja ukutani, uliona bado kupanda na kushuka kwa mkono wake. Asubuhi jua lilipoingia dirishani kwa upande, ukuta ule ulikuwa na mawimbi madogo kama mchanga maji yanapokupwa. Kuta za kugawa vyumba hazikufika kwenye bati. Maneno yalipita juu, kutoka chumba kimoja hadi kingine, na ndiyo sababu nilizijua habari za nyumba ile kabla hazijafika mezani.

Habari ya kwanza niliyoisikia hivyo, alfajiri, kabla Mama Mkubwa hajawasha moto wa chai, ilikuwa habari ya Mkuza. Baba Mkubwa alikuwa na kiwanja Mkuza, kule Kibaha, kando ya barabara ya kwenda Morogoro. Aliamini kwamba Kibaha itakua. Aliizungumzia Kibaha kama wengine wanavyomzungumzia mtoto mwenye akili. Alikuwa mchuuzi wa mbuzi, mtu wa kutembea, na alisema Kisarawe ni juu mlimani, biashara inapita chini. Alitaka kujenga Mkuza nyumba ya biashara, vyumba vya mbele viwe maduka, na fedha ya kuanzia hakuwa nayo. Alichokuwa nacho ni nyumba hii tuliyolala. Nilimsikia Mama Mkubwa akiuliza kama mbuzi hawatoshi. Baba Mkubwa akasema mbuzi ni wa mwakani. Halafu kitanda kikalia, mtu kageuka.

Wakopeshaji walikuwa wawili. Wa kwanza alikuja mwenyewe, kutoka benki moja ya Dar es Salaam iliyokuwa inakopesha watu wajenge nyumba bora. Alivaa suti ya Kaunda ya kahawia, akasimama chini ya kibao cha ofisi ya chama, akatueleza mkopo kama mwalimu anavyoeleza hesabu. Ardhi ni ya umma, alisema, kwa hiyo mtu haweki rehani udongo. Anaweka haki yake ya kukaa juu ya udongo ule na kile alichokijenga. Kiwanja lazima kiwe kimepimwa. Kila mwezi mkopaji analipa, na riba juu yake. Baba Mkubwa alinyanyuka akauliza mtu akishindwa inakuwaje. Yule bwana hakumung'unya maneno. Alisema mkopaji ataandikiwa ilani na kupewa muda, muda ukipita nyumba itanadiwa hadharani, benki itachukua deni lake na gharama, na kitakachozidi ni cha mwenye nyumba, atarudishiwa. Watu walisikia neno mnada, mengine yote hawakuyasikia. Tulipokula mchana, ugali wa muhogo na kisamvu kilichotiwa nazi nzito, Baba Mkubwa hakuacha kutingisha kichwa. "Hajanikopesha hata senti," alisema, "ameshaninadia nyumba."

Wa pili alikuwa Mzee Mwinshehe. Alikuwa na duka la vitambaa karibu na stendi, na minazi yake huko bondeni. Nataka nimwandike kwa haki, hasa sasa. Hakuwa mtu wa kulazimisha watu wala wa kunyang'anya. Alikuwa mwembamba, kanzu yake ilikuwa safi hata wakati wa matope, na akiingia mahali alisalimia watoto kabla ya wakubwa. Alikuja barazani siku chache baada ya Idi ya kuchinja, akanywa kahawa yake, na alipoanza kusema sauti yake ilikuwa kama ya mtu anayetoa pole. Riba yeye haijui, alisema, na hataki kuijua. Wafanye kama walivyofanya wazee wao wa pwani. Atainunua nyumba kwa kiasi kile kile Baba Mkubwa anachokihitaji. Baba Mkubwa ataendelea kukaa humo kama mpangaji, atalipa kodi kila mwezi, na akirudisha fedha ile ile, bila kuzidi hata senti, nyumba inarudi kwake. Muda wake ni mpaka mwezi wa Mfungo Mosi uandame, yaani Ramadhani imalizike. Mwezi ukiandama na fedha haijarudi, nyumba imekwenda moja kwa moja. Baba Mkubwa alimuuliza swali lile lile alilomuuliza bwana wa benki. Mzee Mwinshehe akaweka kikombe chini. "Habari za kushindwa sisi hatuzisemi, Kondo," alisema. "Wewe si mtu wa kushindwa."

Baadaye nilifanya kazi ya mikopo kwa miaka mingi, nikakaa upande wa pili wa meza, na nimewaona wengi wakichagua kama alivyochagua Baba Mkubwa. Mtu anayekuambia mapema utakavyoanguka unamwona mchawi. Anayekuficha habari hiyo unamwona ndugu. Bwana wa suti ya Kaunda alikuwa ametuonyesha mlango wa kutokea, nasi tulimchukia kwa kutaja kwamba mlango upo. Lakini siku ile nilikuwa na miaka kumi na tisa na nilimpenda Mzee Mwinshehe kuliko yeye, kwa sababu alikuwa ameniuliza jina langu.

Mauzo ya namna ile, walisema, hayatimii mpaka mnunuzi ameishika mali yake. Kwa hiyo asubuhi moja mashahidi wawili walikuja kutoka msikitini, na tukaambiwa tutoke. Sote. Mama Mkubwa alikuwa ameketi juu ya mbuzi ya kukunia nazi. Alinyanyuka na mbuzi yake mkono mmoja na kifuu mkono wa pili, akapita ukumbini, akatoka, akaketi kando ya njia akaendelea kukuna. Baba Mkubwa alimkabidhi Mzee Mwinshehe ufunguo. Mzee akaingia peke yake, akafunga mlango. Tulisimama nje ya nyumba yetu tukisikiliza. Alitembea chumba kwa chumba, taratibu. Tulisikia madirisha yakifunguliwa na kufungwa. Alipotoka alirudisha ufunguo, akasema, "Mpangaji wangu, karibu ndani," na wanaume wakacheka, Baba Mkubwa akicheka kuliko wote. Jirani mmoja alimwambia sasa awe na adabu, asije akafukuzwa na mwenye nyumba. Mama Mkubwa aliingia akakuta moto umezimika. Akawa anaupuliza, machozi ya moshi yakimtoka, akaniambia kwa sauti ya chini ambayo haikupita juu ya ukuta wowote: "Ameingia chumbani kwangu na viatu."

Miezi ikaenda. Mzee Mwinshehe alikuja kuchukua kodi yake, akakaa, akanywa kahawa, akaondoka. Masika yalipoanza, bati la chumba cha kati lilivuja, na Baba Mkubwa akamwambia kwa utani kwamba mwenye nyumba anatakiwa kuleta fundi. Mzee alicheka mpaka akashika ubavu. "Nyumba yako hiyo, Kondo," alisema. "Panda mwenyewe." Baba Mkubwa akapanda, akaziba kwa lami na kipande cha gunia. Sikuona cha ajabu katika utani ule. Hakuna aliyeona.

Mara moja Baba Mkubwa alitupeleka Mkuza. Tulishuka kwenye basi vumbi likiwa linasimama nyuma yetu kama pazia, tukavuka, tukafika kwenye kuta zilizofika kifuani. Alitupitisha vyumbani kwa kunyoosha kidole, hapa duka, hapa stoo, hapa duka la pili, na uso wake ulikuwa wa kijana. Niliona jinsi mtu anavyoweza kukaa ndani ya nyumba ambayo bado ni hewa. Mama Mkubwa aliizunguka yote, akigusa matofali, kisha akauliza yeye atapikia wapi. Baba Mkubwa akatazama huku na huku. Jiko hakuliweka. Alisema kwa kuanzia watapikia nje. Tuliporudi Kisarawe jioni ile Mama Mkubwa alipika samaki wa kukaanga na mchuzi wa ukwaju, akala vizuri, na hakuitaja Mkuza tena.

Ramadhani iliingia na mvua za vuli zilikuwa zinanukia. Nauona mwezi ule kwa vyakula vyake: mihogo iliyochemshwa kwa nazi mpaka ikapasuka, magimbi, tambi, uji wa mchele wenye pilipili manga uliotufanya tutoe jasho tukiwa tumekaa. Baba Mkubwa alikuwa amekwenda Magindu. Huko alikuwa na mbuzi wake kwa rafiki mfugaji, na watu walinunua kwa ajili ya Idi. Fedha yao ingetosha kuikomboa nyumba. Alitarajiwa siku ya ishirini na nane, akaleta salamu kwamba mnunuzi kachelewa, atakuja siku ya thelathini. Kila kitu kikawa kimekaa juu ya jambo moja. Mwezi ukikataa kuonekana jioni ya ishirini na tisa, Ramadhani ingetimia siku thelathini, na tungekuwa na kesho nzima. Ukionekana, muda umekwisha.

Jioni hiyo nilimsikia Mama Mkubwa akiomba mawingu. Aliomba kwa haya, nusu nusu, kwa sababu si jambo la kuomba. Na mawingu yalikuwepo, mazito, upande wote wa machweo. Watoto walikuwa wamepanda mwinuko nyuma ya msikiti, kama kila mwaka. Tulikuwa tumeshafuturu, Mama Mkubwa akiongeza uji kwenye bakuli la jirani mmoja, tuliposikia kelele zinashuka kutoka juu, kisha vigelegele nyumba kwa nyumba, vikikaribia. Mawingu yalipasuka kidogo, walisema, kama mtu anavyofungua kope, na ndani yake mwezi ulikuwepo, mwembamba, umelala. Redio ya jirani ikathibitisha kwamba na kwingine umeonekana. Mwaka mwingine wowote Mama Mkubwa angekuwa wa kwanza kupiga kigelegele. Aliweka upawa kando, akaufunika uji. Yule jirani alimpa mkono wa Idi, naye akaupokea.

Asubuhi, baada ya sala, Mzee Mwinshehe alikuja na sinia la pilau, limefunikwa kawa jipya. Mama Mkubwa alimwamkia, akamkaribisha. Hakukaa. Alisimama mlangoni akitazama ukumbi, akasema, "Mwantumu, msiwe na haraka. Kaeni mpaka mvua zipite." Alisema kwa upole kabisa. Sijasahau kwamba alisema kwa upole. Ndiyo maana sikuelewa mpaka alipokwisha kuondoka, nilipomwona Mama Mkubwa anaitazama pilau ile kama kitu kilicholetwa kwa makosa.

Baba Mkubwa alifika alasiri. Magindu mawingu hayakupasuka, na redio ya mwenyeji wake haikuwa na betri. Walilala wakiamini kesho ni siku ya thelathini, wakala daku, wakafunga. Yeye alidandia lori akiwa na saumu yake na fedha yake kiunoni. Aliposhuka Mlandizi aliona watoto wamevaa nguo mpya akadhani kuna harusi. Akamuuliza muuza chai kuna nini leo, na muuza chai akamuuliza yeye katokea wapi. Kufunga siku ya Idi hakufai, kwa hiyo alikunywa chai pale pale, kasimama. Alitusimulia hayo barazani, kofia iko magotini, na jambo alilolirudia ni kwamba chai ile ilikuwa na sukari nyingi mno.

Kisha akaenda kumfuata Mzee Mwinshehe, akarudi naye, wakasimama barazani kwetu kwa sababu duka lilikuwa limefungwa kwa sikukuu. Mimi nilikuwa chumbani. "Fedha yako ni halali yako, Kondo," Mzee alisema. "Nyumba imekwenda jana magharibi."

"Jana magharibi mimi nilikuwa kwenye Ramadhani."

"Ulikuwa umekosea."

"Nilikuwa Magindu. Nimefunga kwa mwezi wa mahali nilipokuwa. Magindu haukuandama."

"Nyumba haiko Magindu," alisema Mzee.

Hawakupandisha sauti. Walikuwa wanaume wawili wa msikiti mmoja wanaobishana jambo la dini, na hilo lilifanya liwe gumu zaidi, kwa sababu kila mmoja aliamini anamlinda Mungu. Baba Mkubwa alipeleka shauri Mahakama ya Mwanzo. Hakwenda kudai kwamba ameonewa. Alikwenda kudai kwamba mwezi ulikuwa haujaandama.

Chumba cha mahakama kilikuwa kidogo, kina madirisha ya nyavu, na siku ile watu walijaa mpaka nje, maana Kisarawe nzima ilikuwa na rai yake juu ya mwezi. Hakimu alikuwa kijana kutoka bara, amekaa kati ya wazee wawili wa baraza. Alisikiliza asubuhi nzima. Watoto waliouona waliletwa, na mmoja akaulizwa ulielekea wapi, akaonyesha ukutani. Rafiki wa Magindu alikuja akasema kwake palikuwa na giza tupu. Mzee mmoja wa baraza akamuuliza kama macho yake ni mazima. Akajibu kwamba mbuzi wake huwatambua toka mbali, na watu wakacheka, hata hakimu. Baba Mkubwa alieleza mapatano yalivyokuwa, na alipofika kwenye ile asubuhi ya kutolewa nje alisema yeye na mke wake walikaa, wakashauriana, wakakubaliana. Nilikuwa nimekaa bega kwa bega na Mama Mkubwa. Bega lake halikutikisika.

Hakimu aliweka kalamu chini. Alisema mwezi tuuache. Akamuuliza Mzee Mwinshehe kama fedha ile ilikuwa ya kurudishwa. Mzee akasema ndiyo. Akamuuliza kama thamani ya nyumba ni sawa na fedha ile au imezidi. Mzee, ambaye hakuweza kusema uongo, akasema imezidi sana. Akauliza lile bati alilolitaja Baba Mkubwa, lilipovuja nani alipanda juu. Mzee akatabasamu, akakumbuka utani wake, kisha tabasamu likapungua polepole, akasema, "Kondo." Hakimu akasema mtu anaponunua nyumba huipanda mwenyewe. Hii, mbele ya sheria, si mauzo, iitwe jina lolote. Ni rehani. Na mwenye kuweka rehani ana haki ya kuikomboa hata tarehe ikimpita, mpaka siku mali itakapouzwa kihalali. Aliyepokea rehani hajiuzii mwenyewe. Ni lazima atoe ilani, asubiri muda, aje mahakamani, pawe na mnada, na kinachozidi kirudi kwa mwenye mali. Nikamkumbuka yule bwana wa benki, tulivyomchukia.

"Lakini kuna jambo moja kabla ya hayo," hakimu alisema. Sheria mpya ya ndoa inasema mtu haweki rehani wala hauzi nyumba wanayoishi mke na mume bila mwenzake kuridhia. Akamwita Mama Mkubwa mbele. Akamweleza kwa maneno mepesi kwamba kama hakuridhia, basi hata hiyo rehani haikusimama, na Mzee hawezi kuigusa nyumba kamwe, leo wala mwakani. Kama aliridhia, rehani ipo, na nyumba ile bado inaweza kunadiwa siku moja. Kila mtu aliona Mama Mkubwa alipowekwa. Akisema aliridhia, anamfunikia mumewe na kuiacha nyumba hatarini. Akisema hakuridhia, anamfanya mumewe mwongo mbele ya mji, muda mfupi tu baada ya kusema chini ya kiapo kwamba walikubaliana. Baba Mkubwa alikuwa anatazama sakafu. Mwanamke mmoja nyuma yangu akanong'ona kwamba akikataa tu, nyumba imepona na fedha ya mbuzi ni yao.

Mama Mkubwa alijifunga khanga upya. "Bwana hakimu," alisema, "sikuulizwa. Niliambiwa toka, nikatoka."

Hakimu akamuuliza kwa hiyo hakuridhia.

"Nyumba sikuitoa kwa mtu. Lakini fedha ya Mzee ilikuja, ikaenda Mkuza, ikawa kuta, nami nimezishika kwa mkono wangu. Deni lipo. Nyumba sikuitoa. Hayo mawili msiyachanganye."

Nimesikia watu wengi waliosoma sheria wakijaribu kueleza jambo hilo, na wengine nimewalipa. Lakini kitu ninachokiona kila nikikumbuka si maneno yake, bali mikono, jinsi alivyoirudisha ndani ya khanga baada ya kusema, kama mtu aliyekwisha kuweka mzigo mezani. Hakimu aliwanong'oneza wazee wa baraza, wakakubali kwa kichwa. Akasema nyumba haikuguswa, ni ya kina Kondo. Deni lilipwe sasa hivi kwa fedha iliyopo. Na kwa kuwa Mzee hakuwa mwenye nyumba, kodi yote aliyoichukua ihesabiwe kwamba ni sehemu ya deni iliyokwisha kulipwa.

Hapo Mzee Mwinshehe aliomba kusema. Alisimama. Nilidhani atapinga. Akauliza kama nyumba haikuwa yake, basi ile kodi aliyokuwa akiipokea ilikuwa ni nini. Hakimu akasema yeye ni hakimu, hajui kuipa jina. Mzee akaendelea kusimama. Midomo yake ilisogea, na nikajua, kama kila aliyekuwa na imani mle ndani alivyojua, neno ambalo alikuwa analijaribu na kuogopa kulitamka. Mtu aliyeikimbia riba maisha yake yote alikuwa anajiona mwenyewe kakaa barazani kwetu kila mwezi, anakunywa kahawa na kuipokea. Aliketi. Aliipokea fedha yake pungufu bila kuihesabu, na akatoka kabla ya wote, kanzu yake safi, watu wakimpisha.

Siku ile ya msiba, alasiri, watoto wake waliniambia kwamba tangu zamani hakumkopesha mtu tena isipokuwa kwa kurudisha kile kile, bila kodi, bila tarehe, na wengi hawakurudisha. Walisema kwa fahari na kwa masikitiko pamoja. Sikuwaambia ninachokijua. Walileta sinia, tukanawa, tukala pilau kwa mkono, na nilipomwombea nilimwombea kwa moyo wangu wote.

Kutoka mahakamani mpaka nyumbani ni mwendo mfupi, na siku ile Baba Mkubwa aliutembea akiwa nyuma yetu. Nilitega sikio usiku huo na siku zilizofuata. Hakuna kilichopita juu ya ukuta. Alikula alichopakuliwa, alijibu alichoulizwa. Kuta za Mkuza zilibaki kifuani, na fedha iliyobaki baada ya deni ilinunua mbuzi wachache wa kuanzia upya. Majirani waliotaka kumtania walimwangalia usoni wakaacha. Mama Mkubwa hakununa wala hakujivuna. Alipika, alisuka ukili, alinituma sokoni. Nilianza kufikiri kwamba watakaa hivyo, kila mmoja upande wake wa ukumbi, mpaka nitakapoondoka.

Halafu asubuhi moja alikuja mwalimu kijana aliyekuwa amehamishiwa shule ya pale, na begi lake, kuulizia chumba cha mbele. Baba Mkubwa alikuwa barazani, nami nilikuwa nafagia. Zamani angemwambia aingize begi, na Mama Mkubwa angemkuta mpangaji kitandani. Alinyanyuka, akamwambia mwalimu angoje, akapita ukumbini polepole mpaka uani. Nikamfuata na ufagio wangu. Mama Mkubwa alikuwa ameketi juu ya kigoda, ungo magotini. Baba Mkubwa alichuchumaa mbele yake, jambo ambalo sikuwa nimewahi kuliona, akamwambia kuna mwalimu anataka chumba, yeye anaonaje. Mama Mkubwa alitoa chuya moja, akatoa jiwe, akapepeta. Akauliza huyo mwalimu anavuta sigara. Baba Mkubwa akasema hajui, atamuuliza. Akapepeta tena. "Niulize kesho," akasema.

Baba Mkubwa akarudi barazani, akamwambia mwalimu aje kesho. Mwalimu alishangaa kidogo. Alisema alifikiri kwamba anaongea na mwenye nyumba. Baba Mkubwa alitazama ndani, kule mwisho wa ukumbi, kulikokuwa na mwanga wa uani na mlio wa mchele ukirushwa na kudakwa.

"Yupo nyuma kule," alisema. "Anachagua mchele."